Maksai mbele ya macho ya watu: namna ng'ombe alivyopimwa, kutoka Kalehe hadi Nyanza, London na Machakos

Katika masoko mengi ya teritwari ya Kalehe ng'ombe hauzwi kwa mizani. Anauzwa kwa macho. Mnunuzi anamzunguka mara mbili, anamshika mkia, anambonyeza mbavu, anafungua kinywa kuona meno, halafu anataja bei. Mwenye ng'ombe anakataa, mnunuzi anajifanya anaondoka, na baada ya saa moja wanakubaliana. Mchinjaji aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini anajua, kwa kosa la kilo chache tu, atapata nyama kiasi gani. Mzee aliyemteremsha mnyama kutoka mlimani ili alipe karo za shule hajui. Yeye alimlea miaka minne, anajua tabia yake, anajua mama yake alikuwa nani, lakini hajui uzito wake. Pengo hilo kati ya watu wawili linakula pesa za familia nyingi kila juma la soko.

Bunyakiri yenyewe si nchi ya ng'ombe wengi. Ni nchi ya msitu, ya mihogo, ya migazi na ndizi, iliyokaa kwenye barabara ya kitaifa namba 3 ambayo inatoka Miti, inapita katikati ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega na kuteremka kuelekea Hombo na Walikale. Mifugo ya nyumbani hapa ni mbuzi, kuku, nguruwe na dende, yule mnyama mdogo wa jikoni ambaye watoto wanamlisha majani. Ng'ombe ni mnyama wa juu, wa nyanda za baridi za Kalehe, upande wa Numbi na Ziralo, na wa Kabare na Walungu huko Bushi. Anafika Bunyakiri akitembea kwa miguu yake, mara nyingi kwa ajili ya harusi, matanga au sikukuu. Kwa hiyo wakaaji wa hapa hukutana naye siku yake ya mwisho, na hiyo siyo nafasi nzuri ya kujifunza thamani yake.

Desturi ya kumsimamisha ng'ombe mbele ya watu ili wamtazame, wamlinganishe na wengine na kumpa heshima haikuletwa na Wazungu katika eneo la maziwa makuu. Ilikuwepo, tena ikiwa na ufundi mwingi, ng'ambo tu ya Ziwa Kivu.

Huko Nyanza, kwenye makao ya wafalme wa Rwanda, kulikuwa na ng'ombe walioitwa inyambo. Ni wa jamii ya Ankole, wenye pembe ndefu zinazopanda juu na kujipinda kama kinubi. Hawakuwa ng'ombe wa mtu yeyote aliyetaka. Walipangwa katika makundi, kila kundi na jina lake, na makundi hayo yalifungamanishwa na majeshi ya mwami. Padri Alexis Kagame, mwanahistoria Mnyarwanda, aliandika kitabu kizima juu ya makundi hayo, kilichotoka mwaka 1961, na alichokieleza humo ni kitu kinachofanana na daftari la ukoo: nani alizaa nani, dume gani lilipelekwa kwa kundi lipi, chini ya mfalme yupi. Mpaka ndama ahesabiwe kuwa inyambo kamili, ilibidi damu ya ng'ombe wa kawaida ipunguzwe vizazi kadhaa kwa kupandisha na madume ya inyambo tu, na kila kizazi kilikuwa na jina lake. Mtu anayedhani kwamba kuchagua mbegu ni elimu iliyoanzia Ulaya angefaa kuanzia hapo.

Maandalizi yake yalikuwa kazi ya watu maalumu. Wachungaji walimzoesha ng'ombe sauti zao tangu akiwa ndama, wakimwimbia, ili siku ya maonyesho atembee polepole, kichwa juu, bila kuogopa umati. Walimsafisha manyoya, wakamsugua pembe mpaka zing'ae, wakamvalisha shanga kwenye paji la uso na shingoni. Aliyewapita wote kwa uzuri aliitwa indatwa, na alitangulia mbele ya kundi. Mtunzi alisimama mbele ya mwami na kusoma utenzi wa kundi hilo, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na fungu lake la sifa. Aina hiyo ya ushairi inaitwa amazina y'inka, maneno ambayo msemaji wa Kiswahili anaweza kuyasikia bila mkalimani: majina ya ng'ombe. Kagame anaiweka asili yake katika utawala wa Mutara Rwogera, karne ya 19.

Lakini hakuna aliyempima inyambo kwa kilo. Hakuna aliyeuliza atatoa maziwa lita ngapi, na jibu lingekuwa dogo. Na waliotangulia katika sherehe hiyo walikuwa majike, siyo maksai. Maksai, dume aliyehasiwa, hazai, hana ukoo wa kuendeleza; katika macho ya Nyanza hakuwa na cha kusifiwa. Uzuri ulikuwa katika pembe, mwendo, rangi na uzao, na nyuma ya uzuri huo kulikuwa na mamlaka: aliyekuwa na ng'ombe alikuwa na watu. Mkataba wa ubuhake, ambao mtu alipewa ng'ombe na yeye akawa mtumishi wa aliyempa, ulidumu mpaka mwami Mutara Rudahigwa alipoufuta mwaka 1954. Sherehe ilikuwa nzuri, ila siyo kila aliyekuwa uwanjani aliifurahia kwa kiasi kimoja.

Upande huu wa ziwa ng'ombe alikuwa na kazi nyingine ya hadhara. Bushi na Buhavu zilijua kalinzi: mtu alimpelekea mwami au chifu ng'ombe, na kwa ng'ombe huyo akapata haki juu ya shamba, haki ambayo ilipita kwa watoto wake. Mnyama alisimama mbele ya mashahidi, akatazamwa, akakubaliwa au kurudishwa. Ng'ombe kilema hakununua udongo. Kwa hiyo jicho la kukagua lilikuwepo: afya, umri, jike linaloahidi kuzaa. Katika mahari ya Bushi ukaguzi huohuo unaendelea mpaka leo, na wajomba wa msichana ni waamuzi wakali kuliko wa maonyesho yoyote.

Kisha likaja pigo. Karibu na mwaka 1890 tauni ya ng'ombe, sotoka, iliteremka kutoka Pembe ya Afrika, ilikoingia miaka michache kabla pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Ilipita katika maziwa makuu na kufika Afrika ya Kusini mwaka 1896. Sehemu nyingi zilipoteza ng'ombe tisa kati ya kumi. Wazungu wa kwanza waliokuja kutawala walikuta watu waliokuwa wakijenga upya makundi yao, na wengi wao wakaandika kwamba Mwafrika anapenda wingi wa ng'ombe kuliko ubora. Hawakuuliza kwa nini. Mtu aliyeona zizi lake likiisha kwa mwezi mmoja hatapunguza ng'ombe kwa hiari. Idadi ndiyo akiba yake. Sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011 tu.

Sasa maonyesho ya aina ile nyingine, ya kilo na mafuta. Hayo asili yake ni Uingereza ya karne ya 18, wakati miji ilipokuwa ikikua na watu wa viwandani walihitaji nyama. Mkulima Robert Bakewell wa Leicestershire, aliyekufa mwaka 1795, alipata jina kwa kupandisha wanyama wa ukoo wa karibu ili kukaza umbo alilolitaka. Wengine wakafuata. Mwaka 1796, katika kaunti ya Durham, alizaliwa ndama dume ambaye alihasiwa na kulishwa mpaka akawa ajabu. Watu walimwita Durham Ox. Akiwa na miaka mitano alikadiriwa kuwa na ratili 3,024, karibu kilo 1,370. Februari 1801 aliuzwa kwa pauni 140. Mei mwaka huohuo mtu mwingine, John Day, alimnunua pamoja na gari lake kwa pauni 250, na kabla ya Julai kwisha alikuwa amekataa pauni 2,000. Alikuwa na hesabu yake: alimpakia maksai kwenye gari la kukokotwa na farasi na kumzungusha nchi nzima kwa karibu miaka sita, watu wakilipa kumtazama. Mwaka 1807 maksai aliteleza, akatenguka nyonga, akachinjwa. Baa za Uingereza zenye jina lake zipo hadi leo.

Wakati huohuo, Desemba 1798, matajiri wenye mashamba waliunda chama huko Smithfield, soko kuu la nyama la London, na mwaka uliofuata wakafanya maonyesho yao ya kwanza. Swali lao halikuwa la uzuri. Walitaka kujua ni mnyama yupi anageuza chakula kuwa nyama kwa gharama ndogo. Ndiyo maana waliolishwa nyasi na mboga walitenganishwa na waliolishwa nafaka na mashudu, kwa kuwa si haki kuwalinganisha. Hata hivyo, punde tu mashindano yakaanza kupotoka. Waamuzi walizoea kumpa tuzo mnene zaidi, na wafugaji wakatoa wanyama waliojaa mafuta mpaka wakashindwa kutembea. Michoro ya wakati ule inaonyesha ng'ombe kama makabati, wenye vichwa vidogo na miguu ya kuku. Mchoraji alilipwa na mwenye ng'ombe, hilo nalo likumbukwe.

Marekani ilichukua mchezo huo na kuufanya mkubwa zaidi. Mwaka 1900 Chicago, mji wa machinjio, ulianzisha maonyesho yake ya kimataifa ya mifugo, na tuzo kubwa ya maksai ikawa na maana ya pesa nyingi kwenye mnada. Pesa nyingi huleta hila. Mwaka 1972, huko Denver, maksai mweusi aliyeshinda tuzo kuu kama ng'ombe wa Angus alikuja kugunduliwa kuwa ana damu ya Charolais, ng'ombe mweupe kutoka Ufaransa. Alikuwa amepakwa rangi. Akanyang'anywa ushindi. Wanaocheka habari hiyo wakumbuke kwamba masokoni Kivu kuna hila ya zamani na ya bei nafuu zaidi: kumlambisha ng'ombe chumvi usiku, asubuhi anywe maji mpaka tumbo litune, halafu apelekwe sokoni kabla hajakojoa.

Afrika Mashariki ilipokea maonyesho ya Kiingereza mapema. Chama cha kilimo cha walowezi wa Kenya kiliundwa mwaka 1901, na mwaka uliofuata Nairobi, mji ambao ulikuwa bado mabati na matope, ukaona maonyesho yake ya kwanza. Baada ya uhuru chama hichohicho kikawa Agricultural Society of Kenya, na maonyesho yake ya kila mwaka uwanjani Jamhuri bado yanajaza Nairobi. Lord Delamere, aliyekuwa mbele katika mambo hayo, aliagiza madume ya Hereford na Shorthorn, wajukuu wa ukoo wa Durham Ox, na kuyapandisha kwa ng'ombe wa wenyeji. Yalikufa, na wanyama wake wengi pamoja nayo: homa ya mapafu, halafu ndigana kali inayoletwa na kupe. Umbo lililoshinda London halikuwa na kinga ya kupe wa Njoro. Ilichukua miaka mingi mpaka walowezi wenyewe wakakiri kwamba ng'ombe bora wa nyama kwa nchi ile alikuwa tayari yupo, Boran, mwenye nundu na ngozi inayoning'inia shingoni, aliyetunzwa na Waborana wa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya kabla ya cheti chochote. Mwaka 1951 wafugaji wa Kizungu waliunda chama cha Boran na kuanza kumwandikia ukoo. Waliomchagua mnyama huyo kwa vizazi hawakuwa katika daftari.

Na hapa ndipo maonyesho na maisha vilipogongana. Mwaka 1938 serikali ya Kenya iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kupita kiasi na udongo unamomonyoka. Udongo kweli ulikuwa unamomonyoka. Lakini Wakamba walikuwa wamebanwa katika hifadhi yao huku ardhi ya jirani imegawiwa walowezi. Maofisa walipanga idadi, wakakamata ng'ombe waliozidi na kuwapiga mnada. Kiwanda kipya cha kampuni ya Liebig huko Athi River kilihitaji ng'ombe wa bei ndogo kwa nyama ya kopo. Bei kwenye minada hiyo haikutajwa na mwenye ng'ombe. Mnyama ambaye familia ilimhesabu kama mahari ya kijana na bima ya ukame alipewa thamani ya mifupa na supu.

Wakamba hawakuchukua silaha. Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya elfu, wanaume, wanawake na watoto, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi wakitaka kumwona gavana, na wakakaa huko wiki kadhaa wakikataa kuondoka. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Leo kuna barabara katikati ya Nairobi yenye jina la Muindi Mbingu, na wanaoipita kwenda kazini pengine hawajui kwamba ugomvi wake ulikuwa nani ana haki ya kusema ng'ombe huyu ana thamani gani.

Kongo ya Wabelgiji ilikwenda njia yake. Taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliundwa mwaka 1933 na makao yake Yangambi. Mambo ya ng'ombe yaliwekwa hasa Nioka, Ituri. Kituo cha Mulungu, karibu na Bukavu ambayo wakati ule iliitwa Costermansville, kilijulikana zaidi kwa kahawa, chai na kinkina. Wakoloni wa Kivu walichukua nyanda za baridi kwa mashamba na malisho, wakaleta ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, chanjo na majosho. Hapa pia kipimo kilikuwa lita na kilo, na mfugaji Mwafrika alifundishwa kama mtu asiyejua kitu.

Kilichofuata wazee wanakikumbuka. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuchukuliwa kwa mali ya wageni, na mashamba mengi ya ng'ombe yakapewa watu ambao hawakuwa wafugaji. Wanyama wa mbegu waliishia sufuriani. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa kando ya barabara ya Kavumu, na moja ya kambi kubwa iliitwa Inera, jina la taasisi iliyorithi INEAC, kwa sababu ilikaa penye ardhi ya kituo cha Mulungu. Penye utafiti wa mbegu palikaa mahema. Vita vya 1996 na vya 1998 vilimaliza kilichobaki: ng'ombe ni mali inayotembea, na mwenye bunduki anaweza kuisukuma mbele yake usiku mmoja. Bunyakiri ilipitiwa na makundi mengi ya silaha katika miaka iliyofuata. Familia iliyokuwa na ng'ombe watano ikajifunza kuwa na dende ishirini, kwa kuwa dende hafai kuibwa kwa mbali.

Kwa hiyo kuna nini cha kuchukua kutoka katika maonyesho haya yote kwa mtu wa Kalehe mwenye maksai mmoja? Kuna mengi, kwani kazi ya kumtayarisha mnyama kwa waamuzi na kazi ya kumtayarisha kwa soko ni ileile.

Kwanza ni kuhasi mapema. Dume lililohasiwa likiwa ndama linapona haraka, linatulia, na nyama yake inakuwa laini. Likihasiwa kubwa linabaki na shingo nene ya dume na uzito mwingi mahali pasipo na bei. Mwamuzi mzoefu anaona hilo kwa mbali. Anamtazama kwanza kwa upande: mgongo uliolala sawa, mwili mrefu, mbavu zilizofunguka. Halafu anakwenda nyuma, na hapo ndipo anapokaa muda mrefu, kwa sababu nyama ya bei iko kiunoni na kwenye mapaja. Nundu kubwa na tumbo kubwa vinapendeza macho ya watoto, havipendezi mwamuzi. Kisha anaomba mnyama atembee. Anayechechemea ana kwato mbovu au ugonjwa, na mnyama atakayetembea kutoka Numbi hadi sokoni anahitaji kwato kuliko pembe. Mwisho anaweka mkono: kwenye mbavu za nyuma na pande zote za mzizi wa mkia. Ukigusa mfupa mtupu, bado. Ukizama kwenye mafuta kama godoro, amepita. Katikati ndipo.

Meno yanasema umri bila kudanganya sana. Jozi ya kwanza ya meno makubwa ya mbele inatokea kwenye miaka miwili hivi, jozi ya nne inakamilika baada ya minne. Maksai mwenye meno manane amekwisha kukua. Kila mwezi anaokaa zaidi anakula bila kuongeza kitu cha maana.

Kumzoesha kamba huchukua miezi, siyo siku mbili. Walimu wa mashindano huanza na ndama: anafungwa kamba ya kichwani, anaachwa aizoee, anaongozwa kwenda majini na kurudi, anaguswa miguu na tumbo kila siku. Anaoshwa, anapigwa brashi, kwato zinachongwa majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe ili asichechemee. Wachungaji wa Nyanza walifanya karibu hayo yote, na nyimbo juu yake. Faida siyo urembo. Mnyama mtulivu hapotezi uzito njiani, haumizi mtu, na mnunuzi anamshika anapotaka bila kupata sababu ya kushusha bei. Maksai aliyeburutwa sokoni na vijana wanne wenye fimbo amekwisha kumwambia mnunuzi kwamba mwenyewe ana haraka.

Halafu uzito. Kuna hesabu ya zamani ambayo wafugaji wa nchi nyingi wanaitumia pasipo mizani. Inahitaji mita ya fundi cherehani. Mnyama asimame sawa, kichwa mbele. Unazungusha mita kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Mita ya fundi inaishia sentimita 150, hivyo kwa ng'ombe mkubwa tumia kamba, uweke alama, kisha uipime chini. Pili, unapima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Unazidisha mzunguko kwa mzunguko, jibu unalizidisha kwa urefu, unagawanya kwa 10,840. Ni hesabu iliyozaliwa kwa ng'ombe wasio na nundu, na haimjui aliyejazwa maji, kwa hiyo inakaribia tu.

Maksai mwenye mzunguko wa sentimita 150 na urefu wa 120: 150 mara 150 ni 22,500, mara 120 ni 2,700,000, gawanya kwa 10,840, ni kilo 249. Karibu nusu yake itaning'inia kwenye ndoano ya mchinjaji ikiwa nyama na mifupa, kama kilo 120 hivi, mbali na kichwa, miguu, matumbo na ngozi, ambavyo navyo huuzwa. Mzee aliyeteremka kutoka mlimani anaweza kufanya hesabu hiyo usiku uliotangulia, nyuma ya daftari la mtoto wake, na kuuliza kilo moja ya nyama inauzwaje kabla hajafika sokoni. Mnunuzi akizunguka mara mbili na kusema, "Papa, huyu hana hata kilo themanini," mzee hatalazimika kubishana juu ya uzuri wa mnyama wake.